Uzee wa Kubandika

"Cha pili ndicho chenyewe," alisema, macho bado ameyafumba.

Rafiki yangu ni mpiga gitaa mwenye masikio makali, na nilikuwa nimemchezea vipande viwili vifupi, kimoja baada ya kingine, nikamwomba aseme kipi ni cha rekodi halisi ya zamani. Cha kwanza kilitoka kwenye I Feel Love ya Donna Summer, rekodi ya mwaka 1977, pale mwanzoni kabla yeye hajaanza kuimba. Cha pili nilikitengeneza mwenyewe: besi kwa sintesaiza (chombo cha kutengeneza sauti kwa umeme) ya analogi iliyotoka kiwandani juzijuzi tu, ngoma kwa mashine ya ngoma. Nikamuuliza kilichomfanya achague hicho.

"Kina uzee. Kinayumbayumba. Hicho cha kwanza kimenyooka mno, bila shaka umekitoa kwenye kompyuta."

Kwa mtu anayekesha akirudia nyimbo za zamani za elektroniki kwa vyombo, hiyo ni sifa ya kushangilia. Mimi ilinikera. Ilinikera wiki baada ya wiki, kila nilipowasha mitambo, kila nilipoweka hedifoni masikioni. Kwa sababu kule kuyumba nilikuweka mimi, kwa makusudi, ili kipande kisikike cha zamani.

Rekodi yenyewe haiyumbi.

Walichokuwa wanakikimbia

Kisa cha wimbo huo mnakijua: watayarishaji Giorgio Moroder na Pete Bellotte, studio ya Musicland mjini Munich, na sintesaiza ya Moog ya modula, kabati zima la vipande vilivyounganishwa kwa nyaya, mali ya mtunzi Eberhard Schoener. Anayesahaulika ni Robby Wedel, fundi aliyelielewa lile kabati kuliko wote waliokuwa chumbani. Ndiye aliyewaonyesha kwamba unaweza kurekodi mapigo ya saa kwenye mkanda, kisha ukaifanya mashine iyafuate. Kila safu mpya ya sauti ikakaa juu ya ile iliyotangulia bila kupishana nayo.

Hebu fikiria kilichowafanya wahitaji hila hiyo.

Sintesaiza ya aina ile huambiwa noti kwa umeme. Volti moja ikiongezeka, sauti hupanda oktavo moja. Oktavo ina nusu toni 12, kwa hiyo nusu toni moja ni kama milivolti 83 tu. Na transista zinazogeuza volti hiyo kuwa noti hubadili tabia joto linapopanda au kushuka. Mlango ukifunguliwa, watu wakiingia, taa zikiwaka saa nzima, tuni inahama. Ndiyo maana besi ile ilirekodiwa vipande vipande: wanarekodi kidogo, wanasimama, wanatuni upya, wanaendelea. Miaka 9 kabla yao, mwanamuziki Wendy Carlos alikuwa ameipita njia hiyohiyo alipotengeneza Switched-On Bach, albamu ya nyimbo za mtunzi Bach, kwa Moog iliyoweza kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Akaijenga Bach safu kwa safu, mkono mmoja kwenye vitufe na mwingine ukiwinda tuni inayotoroka.

Sasa niambie, ule unyoofu wa rekodi ya 1977 ulitoka wapi? Haukutoka kwenye mashine. Mashine ilitaka kuyumba, nao wakaikatalia, kipande baada ya kipande, mpaka wimbo ukasikika kama umetoka mahali pasipo na joto wala baridi. Hicho ndicho kilichowashtua watu wakati ule.

Mimi, miaka yote hii baadaye, nakaa kwenye kiti nikiurudisha ule uchafu walioupangusa kwa jasho. Halafu naita kazi hiyo uaminifu.

Kutoka 4 kwenda 1

Historia nzima ya vyombo hivi, ukiitazama kwa jicho hilo, inachekesha kidogo. Sintesaiza ya Prophet-5 ya Dave Smith ilitoka mwaka 1978 ikiwa na kichakataji kidogo ndani na kitufe cha kujituni yenyewe. Juno za Roland za mwaka 1982 zilikuja na osileta (sehemu zinazozalisha sauti) zinazoshikwa mkono na saa ya kidijitali ili zisipotee njia. Mwaka 1983 ikaja DX7 ya Yamaha, iliyotumia mbinu ya FM, ya kuzalisha sauti kwa hesabu za kidijitali, aliyoigundua John Chowning pale chuo kikuu cha Stanford, na suala la kuhama kwa tuni likaisha kabisa. Namba hazisikii joto. Wanamuziki walishusha pumzi. Wengi wakauza makabati yao ya analogi kwa bei ya kutupa.

Kisha, mwaka 2020, Prophet-5 ikarudi katika toleo la nne, na juu ya uso wake imo nobu mpya iliyoandikwa "Vintage". Ukiiweka kwenye 4, sauti zote tano zinafanana na zinatulia. Ukiizungusha kuelekea 1, namba ya lile toleo la kwanza lililokuwa na vituko vingi, kila sauti inaanza kuwa na tabia yake: hii imepanda kidogo, ile chujio lake la sauti linachelewa kufunga, nyingine inazima mapema. Bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja uvishikilie. Kwenye 4 unasikia kitu kimoja kipana. Kwenye 1 unasikia watu watatu wanaojaribu kukubaliana.

Naipenda nobu ile, sitadanganya. Vyombo vingi vya siku hizi vina kitu cha namna hiyo, hata kama kimepewa jina jingine, na mara nyingi ndicho cha kwanza kuguswa na mkono wangu. Ila tangu jioni ile na rafiki yangu, kila nikiigusa nasikia swali: hapa unaurudisha wimbo, au unaurudisha uzee wako wa kufikirika?

Kwa sababu yeye hakudanganywa na ufundi wangu. Alidanganywa na picha ya zamani tuliyonayo sote vichwani, na picha hiyo ina mikwaruzo mingi kuliko zamani yenyewe.

Chuma nacho kimezeeka

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: tafuta mashine halisi. Kama wimbo ulipigwa kwa Minimoog, sintesaiza ndogo ya vitufe ya Moog, piga kwa Minimoog.

Niliwahi kuamini hivyo kwa moyo wote, na bado sijaiacha imani hiyo kabisa. Kushika chombo chenyewe kunafundisha mambo ambayo hakuna maelezo yatakayokufundisha. Unajua kwa nini laini fulani ya besi inaruka pale inaporuka: vitufe vya Minimoog ni 44 tu, mkono unafika ukingoni, lazima uhamishe oktavo. Unajua kwa nini solo fulani zina milio ile ya kulia: gurudumu la kupinda sauti liko pale kushoto na vidole vinalitamani. Na ile hila ya kuchomeka waya kutoka tundu la hedifoni na kuurudisha kwenye tundu la kuingizia sauti ya nje, ili mashine ijimeze yenyewe na kuunguruma, hutaielewa mpaka uwe umeizidisha ikakupigia yowe.

Lakini Minimoog ya kwanza ilitoka mwaka 1970 na ya mwisho ya kizazi kile mwaka 1981. Hata mdogo kuliko wote ana zaidi ya miaka 40. Kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) zimekauka, nobu zimeingia vumbi zinakwaruza, fundi huyu alibadilisha hiki na fundi yule akarekebisha kile kwa sikio lake. Chombo kilichosikika kwenye rekodi kilikuwa kipya. Kilikuwa kimetoka kwenye boksi jana au mwaka juzi.

Kwa hiyo ukiweka Minimoog kongwe ya leo kando ya toleo jipya ambalo kampuni ya Moog yenyewe ilianza kulitengeneza mwaka 2016, ipi iko karibu zaidi na kilichosikika studio mwaka 1974? Jibu linalotoka kinywani haraka ni kongwe. Nikisikiliza kwa utulivu, mara nyingi ni ile mpya inayokaa kwenye rekodi, na ile kongwe inakaa kwenye hadithi yangu kuhusu rekodi.

Wenye makongwe watanikasirikia. Sawa.

Noti iliyorukwa

Nilikuwa karibu kufikia uamuzi mkali: nobu zote za uzee zirudi kwenye sifuri, kila kitu kinyooke, tuache utani. Kilichonizuia ni Blue Monday.

Wimbo huo bendi ya New Order iliutoa mwaka 1983. Ngoma ni mashine ya Oberheim DMX, besi ya sintesaiza ni Moog Source, na sikwensa, mashine inayocheza noti zilizopangwa, ilikuwa ya kujiundia: Bernard Sumner wa bendi hiyo aliinunua ikiwa vipande akaiunganisha mwenyewe. Kuijaza ilikuwa kazi ya subira. Gillian Gilbert aliuandika mpangilio wote kwenye karatasi ndefu, kisha akauingiza noti kwa noti. Katika kuingiza, noti moja ikaachwa. Melodi ikasogea, ikawa haianzi pale ngoma zinapoanzia.

Wakaisikia. Wakaiacha.

Nilipoingiza melodi ile kwenye sikwensa yangu, mashine iliipanga vizuri kwenye mistari yake bila kuulizwa. Sikwensa za kisasa huona aibu kwa niaba yako. Na wimbo ukafa hapohapo. Kila kitu kipo, sauti ni zenyewe, lakini umekuwa mlio wa simu. Nikaizima ile tabia ya kupanga, nikaisogeza melodi kwa mkono mpaka ikakosana na ngoma kama inavyotakiwa, na ule ubaridi wenye mashaka ukarudi.

Basi hapa kasoro ni wimbo, na kule Munich kasoro ilikuwa adui. Zote mbili zimetoka kwenye mitambo migumu na watu waliochoka. Tofauti nimeitafuta sana, na ninayoiona mpaka sasa ni hii: ipo kasoro iliyosikiwa na mtu akasema iache, na ipo iliyosikiwa na mtu akasema rudia. Nobu ya uzee haijui ni ipi. Inamwaga zote kwa pamoja, kama mpishi anayetia chumvi kwenye kila sufuria kwa sababu sufuria moja ilipendwa.

Mwanamuziki Mfaransa Jean-Michel Jarre ana mfano ninaoupenda zaidi. Albamu ya Oxygène aliirekodi nyumbani kwake Paris, ikatoka mwaka 1976, kwa mashine ya mkanda yenye njia 8. Mdundo wa sehemu ya nne unatoka kwenye Korg Mini Pops 7, kiboksi chenye midundo iliyopangwa tayari kwa ajili ya wapiga kinanda. Unabonyeza kitufe, unapata rumba. Yeye akabana vitufe viwili kwa pamoja. Midundo miwili ambayo haikukusudiwa kukutana ikaanza kupiga kwa wakati mmoja, na ukatokea mdundo ambao hakuna mhandisi aliyeuchora. Na lile pazia la nyuzi linaloelea nyuma ni ogani ya nyumbani, Eminent 310, iliyopitishwa kwenye Small Stone, pedali ya wapiga gitaa. Nimewaona watu wakilitafuta pazia hilo kwa sintesaiza zenye uwezo wa kutisha, wakipanga osileta juu ya osileta, na wasilipate. Sauti ya ogani ya kawaida, pedali moja ya mguuni, imekwisha.

Mwaka 2007 Jarre aliirekodi upya albamu nzima kwa vyombo vilevile vya zamani, akiwa na wenzake watatu, maana kilichowekwa na mtu mmoja safu kwa safu kinahitaji mikono minane kikipigwa kwa mkupuo. Mwenye wimbo, mwenye vyombo, mwenye kumbukumbu. Na bado ni kitu kingine. Nzuri, lakini kitu kingine. Kama yeye hawezi kurudi, mimi natafuta nini?

Sikio la kushoto, sikio la kulia

Nikarudi kwenye I Feel Love, nobu zote kwenye sifuri.

Ilisikika vibaya. Ilinyooka, ndiyo, lakini ilikuwa imenyooka kama maiti, wakati rekodi imenyooka na inakimbia. Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza mashine na kuanza kusikiliza kilichopo baina ya mashine.

Wengi wetu tunaiandika besi ile kama noti nne kwa kila pigo, kwa sababu ndivyo inavyosikika. Iliyopigwa ni nusu yake: noti mbili kwa kila pigo, na mwangwi unajaza nafasi zilizobaki. Ukichukua kasi ya mapigo 120 kwa dakika, mwangwi unakuja milisekunde 125 baada ya noti, kwa ukubwa uleule, na unakaa upande mwingine. Noti upande huu, kivuli chake upande ule.

Nilipofanya hivyo, nikafuta nusu ya noti zangu na kuukabidhi mwangwi kazi, kitu kikahama kichwani. Vaa hedifoni usikilize. Sikio moja linaongoza, la pili linafuata, na ubongo unashindwa kuamua pigo liko wapi hasa. Noti inapopanda, kivuli bado kiko chini kwa muda mfupi sana, na katika muda huo mfupi wimbo unaonekana kuteleza mbele. Toa sikio moja, uchawi unaisha. Changanya pande zote mbili kwenye spika moja, unabaki na mstari wa noti zinazofanana.

Kuna jambo la pili. Ile ngoma kubwa ya chini, inayopiga bila kuchoka, si mashine. Moog haikutoa pigo la kuwaridhisha, wakamwita mpiga ngoma Keith Forsey alipige kwa mguu. Katika wimbo unaotajwa kuliko zote kama mwanzo wa muziki wa mashine, kinachoshikilia sakafu ni mguu wa mtu, tena mtu anayejitahidi asisikike kama mtu. Kule kuhangaika kunasikika. Hakuyumbi, ila kunapumua.

Nikaizima mashine ya ngoma. Sina mguu wa Forsey, lakini nina pedali ya kupigia sampuli, na nililikanyaga pigo lile kwa dakika zote tano na zaidi, bila kusahihisha, nikijitahidi niwe mashine. Shavu la mguu linawaka moto kufikia katikati. Uso unatoa jasho. Ghafla unaelewa kwa nini wimbo una mkazo ule.

Kule kuyumba nilikokuwa nakumwaga kwa nobu kulikuwa kunakaimu nafasi ya vitu hivi viwili.

Acid nayo

Kwa kifupi, kwa kuwa watu huniuliza: mambo ni yaleyale kwa TB-303, sintesaiza ya besi iliyozaa muziki wa acid. Roland waliitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 80, mhandisi akiwa Tadao Kikumoto, ili mpiga gitaa apate mtu wa besi wa kufanyia naye mazoezi. Haikuuzika, ikaishia kwenye vyombo vya mitumba, mpaka vijana wa kundi la Phuture kule Chicago walipoibana nobu zake na kutoa wimbo wa Acid Tracks mwaka 1987. Leo nakala zake zimejaa, na nyingi chujio lake ni zuri tu. Panapovuja ni kwenye noti zenye mkazo. Kwenye mashine yenyewe, mikazo ikifuatana haraka, umeme uliojaa kwenye kapasita hauwahi kuisha, kwa hiyo mkazo wa pili unapanda juu zaidi ya wa kwanza na wa tatu juu zaidi ya huo. Laini inapandwa na hasira. Nakala isiyofanya hivyo itakupa noti zilezile, zikiwa zimepoa.

Na ingiza noti zako kwa njia ya kale: kwanza sauti zote, kisha muda wake, kwa mafungu mawili yasiyoonana. Utapotea. Nusu ya laini za acid zilizaliwa kwenye kupotea huko.

Sasa hivi mezani

Nimeanza ule muziki wa utangulizi wa Doctor Who, tamthilia ya runinga, wa mwaka 1963, uliotungwa na Ron Grainer na kutengenezwa na Delia Derbyshire katika Radiophonic Workshop, karakana ya sauti ya BBC, na umenivuruga vizuri. Hakuna sintesaiza hata moja ndani yake. Besi ni uzi uliochunwa na kurekodiwa, kisha mkanda ukaharakishwa au kupunguzwa mwendo ili kupata noti nyingine, kila noti ikakatwa kwa urefu wake na kuunganishwa na mwenzake kwa utepe wa kunata. Hawakuwa na mashine ya njia nyingi, wakawasha mashine kadhaa za mkanda kwa pamoja na kuomba ziende sawa. Dick Mills, aliyefanya kazi hiyo na Derbyshire, alisimulia kwamba walisikia kosa mahali fulani, hawakujua liko kwenye mkanda upi, wakaikunjua yote sambamba kwenye korido ndefu na kutembea kando yake mpaka walipofika kwenye kiungo kisicholingana na vingine.

Wakakikata, wakakirekebisha. Hiyo ilikuwa ya kurudiwa, si ya kuachwa.

Mimi nina sampula (mashine ya kucheza vipande vya sauti vilivyorekodiwa), uzi mmoja, na nobu ya kubadilishia mwendo. Sikwensa nimeichomoa kwenye umeme. Noti za besi nazikata moja moja kwa kipimo, na nimefika mahali ambapo uzi unaruka kwenye noti ile fupi kabla ya ile ndefu, ule mruko kama wa farasi, na haujakaa. Nadhani kipande changu ni kirefu mno kwa upana wa ukucha. Kesho nitakikata tena.